Je, Wajua? Kutoka Kambi Hadi Jimbo

Je, wajua kwamba Lundo, mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Tanzania, palikuwa na makazi ya wakimbizi wa Msumbiji miaka ya 1960? Walikimbia vita vya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, na Wareno, vilivyoanza Septemba 1964.

Je, wajua kwamba wengine walikuwa wanakimbilia kwa ndugu? Wanyasa wapo pande zote mbili za mpaka.

Je, wajua kwamba Lundo haikuwa peke yake? Mkoa wa Ruvuma ulikuwa pia na makazi ya Muhukuru na Mputa, na Lindi ulikuwa na Rutamba. Nia ilikuwa mkimbizi apewe shamba, alime, ajilishe, asikae akingoja mgawo.

Je, wajua kwamba kazi hiyo serikali iliifanya pamoja na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na TCRS, shirika la Kilutheri lililoanza 1964?

Je, wajua kwamba Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, wengi walirudi kwao? Hapo ndipo ilipoonekana faida ya kujenga kijiji badala ya kupiga mahema: mgeni akiondoka, shule na kisima vinabaki.

Je, wajua kwamba mwambao wa Lundo ulikuwa chini ya Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoundwa 2012? Leo mipango yake hupangwa Mbamba Bay, kilomita 66 za lami kutoka Mbinga.

Je, wajua kwamba Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 ilipotungwa haikumpa asiye raia ardhi, isipokuwa kwa uwekezaji? Mkimbizi aweza kulima hadi azeeke, asione hati.

Je, wajua kwamba nchini Uganda, kwa sheria ya 2006, mkimbizi anaruhusiwa kuishi Kampala? Nchini Tanzania, sheria ya 1998 humtaka akae eneo alilotengewa. Anayejificha mjini hahesabiwi, na asiyehesabiwa hapangiwi maji wala darasa.

Je, wajua kwamba Rais Nyerere wa Tanzania alitunukiwa Tuzo ya Nansen ya UNHCR 1983 kwa kuwapokea wakimbizi?

Je, wajua kwamba Warundi wapatao 162,000 wa wimbi la wakimbizi la 1972 walipewa uraia wa Tanzania? Awali walitakiwa watawanywe mikoani. Mpango ukaachwa, wakabaki penye mashamba yao.

Je, wajua kwamba Ulyankulu, moja ya makazi yao mkoani Tabora, ni jimbo la uchaguzi tangu 2015? Barabara ikiharibika, sasa wana mbunge wa kumuuliza.