Je, Wajua Pikipiki ya Mkononi Haisahau?

Ufuta ukishauzwa, pikipiki za Kisanga, Kilosa, huanza kung'aa. Ile iliyolala nyuma ya banda tangu masika, kuku wakitagia kwenye kiti chake, siku hiyo imeoshwa kwa sabuni ya unga, plastiki zimepanguswa kwa kitambaa chenye dizeli na kiti kimevalishwa kava jipya. Mwenye nayo anajua kwamba mkulima mwenye hela mfukoni huwaza vitu viwili, bati na usafiri, na bati yeye hana.

"Kaka, hii injini haijafunguliwa. Ilikuwa ya mwalimu, shuleni na nyumbani basi."

Ukizijumlisha pikipiki zote zinazodaiwa kuwa zilikuwa za mwalimu, Wilaya ya Kilosa ingekuwa na walimu wengi kuliko wanafunzi. Na muuzaji wa huku akikuapia kwamba chombo kimetoka Ulaya, huenda hasemi uongo: Ulaya ni kata ya wilaya hiyohiyo.

Sitaki kumwita kila muuzaji tapeli. Wengi hawaijui pikipiki yao zaidi ya kuiwasha na kuondoka. Lakini chuma hakisahau. Kila alichokifanya dereva aliyetangulia, mizigo aliyoibebesha, oili aliyochelewa kumwaga, mito aliyoikatiza, kimeacha alama mahali fulani, na kwa kawaida ni mahali ambapo kitambaa cha dizeli hakifiki. Mnunuzi anachohitaji ni kujua mahali hapo ni wapi.

Tuanzie ndani. Chukua Boxer BM150 ya Bajaj, moja ya pikipiki zilizozagaa sana vijijini kwetu. Pistoni yake ina upana wa milimita 56 na husafiri milimita 58.8 ikipanda na 58.8 nyingine ikishuka. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, mwendo wa kawaida kabisa barabarani, mafuta hulipuka humo ndani zaidi ya mara 40 kila sekunde. Piga hesabu ya safari ya pistoni peke yake: kwa saa moja imekwenda kilomita 35 ndani ya kibomba kisichozidi urefu wa kiganja, ikisugua kuta zake kwenda na kurudi. Kinachozuia chuma kisile chuma ni utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Oili yenyewe ni kama lita moja tu, na hiyohiyo moja inalainisha injini, gia na klachi. Gari lina oili ya injini mbali na ya gia mbali. Pikipiki hizi zinakula sahani moja.

Kwa hiyo adui wa kwanza ni vumbi. Barabara za kusini mwa Kilosa wakati wa kiangazi mnazijua: anayekufuata nyuma hakuoni, anaona wingu. Injini ya ukubwa huu, kwa mizunguko hiyohiyo 5,000 na ukiwa umeifungulia mafuta yote, inaweza kuvuta hadi lita 360 za hewa kwa dakika, karibu mapipa mawili makubwa. Ndani ya hewa hiyo mna chembe za mchanga wa kwazi. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho almasi ni 10, kwazi ni 7, ngumu kuliko chuma cha kuyeyushwa kinachotumika kwenye silinda. Chembe ikipita, inasaga. Kinachosimama mlangoni ni filta ya hewa, kitu cha bei ndogo kuliko karibu kila kitu kingine kwenye injini, na kuna madereva wanaoing'oa makusudi "ili ivute vizuri."

Mimi nikienda kuangalia pikipiki, ninaomba bisibisi kabla ya ufunguo. Nafungua kifuniko cha filta. Ikiwa haipo, au imepasuka, au vumbi limepita hadi upande wa kabureta, sina haja ya kusikiliza habari za mwalimu. Pikipiki chafu yenye filta safi naichukulia kwa uzito kuliko inayong'aa yenye filta ya matope. Uchafu wa nje ni barabara. Uchafu wa filta ni mwenye pikipiki.

Nilijifunza jambo la pili kwa mjomba wangu. Tulifika kwa mtu saa nne asubuhi, pikipiki iko chini ya mwembe. Akatuambia haijawashwa tangu jana jioni. Mjomba hakujibu. Alisogeza mgongo wa kiganja karibu na silinda, akaurudisha haraka. Injini ilikuwa ya moto. "Basi tutarudi kesho, mwanangu, hatuna haraka." Kesho yake tulifika kabla ya jua kuchomoza, bila kupiga simu. Kijana alipiga kiki mara kumi na moja. Ilipowaka, nyuma yake lilitoka wingu la buluu lililomfanya mbuzi aliyefungwa pale ahame.

Injini iliyopashwa moto huficha mengi. Chuma kikipata joto hutanuka, nafasi zilizolika hujibana, na hata injini iliyochoka huwaka kwa kiki moja. Ikiwa baridi haina pa kujificha. Kiki nayo inasema: ukiibonyeza polepole kwa mkono au mguu, injini ikiwa haijawashwa, unapaswa kukutana na ukinzani mzito mahali fulani, kama mtu anakurudishia mguu. Huo ndio mgandamizo. Kiki ikishuka laini mpaka chini kama pampu ya baiskeli iliyotoboka, ringi au valvu hazizibi tena.

Halafu moshi. Mweusi maana yake mafuta yanaingia mengi kuliko hewa, na mara nyingi ni kazi ndogo ya kabureta au filta iliyoziba. Mvuke mweupe asubuhi ya baridi, unaokatika baada ya dakika chache, ni maji tu yaliyolala kwenye ekzosi. Injini hizi hupozwa kwa hewa, hazina rejeta ya kuvujisha maji. Wa kuogopa ni wa buluu, kwani huo ni oili inayoungua. Ukitoka mara tu inapowashwa kisha ukapungua, shuku sili za valvu, matengenezo ya kubebeka. Ukitoka kila unapoongeza mwendo, ringi na silinda zimelika, na hapo unanunua ovaholi iliyowekewa tairi mbili.

Kuna ujanja wa kuuficha. Wanaweka oili nzito kupita kiasi, wengine hata ya gia za magari, moshi unapungua na kelele zinazimika kwa siku mbili tatu, muda wa kutosha kuuza. Chomoa kijiti cha oili, uangalie inavyodondoka. Ikining'inia kama asali, uliza kwa nini. Na ukiikuta na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Mahali ambapo masika hugeuza vijito kuwa mito, na watu huvusha pikipiki maji yakiwa juu ya injini, rangi hiyo si ya nadra.

Sauti ina mitego yake. Pikipiki nyingi za Kichina tulizozizoea, SanLG, Fekon na ndugu zao, zimetumia injini zilizochorwa kwa kufuata Honda CG125 ya mwaka 1976. Honda waliibuni kwa ajili ya nchi ambako chombo kinabebeshwa kupita uwezo na oili inasahauliwa, ndiyo maana wakaweka fito za kusukumia valvu badala ya cheni ya ndani. Injini ya namna hiyo hutoa mlio mwembamba wa tik-tik kutoka juu. Wanunuzi wengi huukimbia, kumbe ukiwa mdogo na wa kufuatana ni dalili kwamba tapeti zina nafasi. Injini iliyo kimya kabisa ndiyo ya kushuku: fundi akikaza tapeti ili isikike tamu mnadani, valvu hazifungi sawasawa na huungua. Mlio mbaya ni mzito, wa chini, unaogonga kama mtu yumo ndani anataka kutoka. Ukiusikia huo, injini inakaribia kunoki.

Namba za kwenye dashibodi usizipe uzito. Spidomita ya waya huendeshwa na tairi la mbele, na ukiuchomoa waya, pikipiki inakwenda Morogoro na kurudi bila kuongeza hata kilomita moja. Dereva wa bodaboda anayezunguka kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, amemaliza 30,000 kabla ya ufuta mwingine kuvunwa. Angalia badala yake mpira wa kiki, mpira wa gia na mahali abiria anapokanyaga. Mpira uliolika hadi chuma kikaonekana, pembeni ya spidomita inayosoma 9,000, ni ushahidi unaotosha.

Kisha cheni. Watu husema cheni imevutika, kana kwamba ni lastiki. Haivutiki. Kila kiungo kina pini, pini inalika, na nafasi hizo ndogo zinajumlishana: viungo 100 vikilika sehemu moja ya kumi ya milimita kila kimoja, cheni imeongezeka sentimita nzima. Ishike nyuma kabisa kwenye sproketi, uivute kuelekea kwako. Ikiachana na meno hadi ukaona nusu ya jino, imekwisha. Meno yenyewe yakiwa yamepinda kama kucha za mwewe, sproketi nayo inakwenda na maji.

Sasa chuchumaa nyuma, mita tatu hivi, uangalie tairi mbili kama unavyotazama mstari wa mahindi. Pikipiki iliyoishi kwa mshikaki, abiria watatu na kapu la kuku juu ya tanki, au iliyopanda milima na gunia za mkaa, hupinda taratibu bila ajali yoyote. Tazama sehemu ya fremu chini ya kiti na pale keria inaposhika: kuchomelewa kukiwapo pale kunaonekana hata chini ya rangi mpya. Shika tairi la nyuma ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, huenda bushi za mkono unaolishika zimekufa. Weka stendi kubwa, inua mbele, geuza usukani polepole. Ukinasa katikati kama mlango wenye komeo, beringi za shingoni zimechimbika. Spoku zigonge moja moja kwa spana. Zilizokaza hulia ting. Iliyolegea hulia kama kijiko cha mbao, na jirani zake ndizo zimekuwa zikibeba mzigo wake.

Haya yote yakipita, bado hujafika kwenye hela. Fundi unayemwamini aje, awe wako, asiwe wa muuzaji, na umlipe ili asilipwe na mwingine. Halafu kadi ya usajili.

Namba ya pikipiki ya Tanzania ina herufi MC, tarakimu tatu, kisha herufi tatu zinazotolewa kwa kufuatana. Kwa hiyo inayoanza na A ilisajiliwa kabla ya inayoanza na D, muuzaji aseme atakavyo kuhusu mwaka. Namba ya fremu, iliyogongwa shingoni karibu na usukani, ina alama 17. Ikianza na L, imetengenezwa China. Ikianza na MD kama zilivyo za Bajaj na TVS, ni ya India. Herufi I, O na Q hazitumiki kabisa katika mfumo huo, zisichanganywe na 1 na 0. Kwenye injini za Kichina utakuta maandishi kama 162FMJ, na hayo ni maelezo kamili: silinda 1, upana wa pistoni milimita 62, kupozwa kwa hewa, matumizi ya pikipiki, kundi la 150. Kadi ikisema 125 na injini ikasema 162FMJ, mtu amebadilisha injini.

Pitisha kidole juu ya namba. Ukihisi msasa, rangi mbichi au tarakimu zisizokaa kwenye mstari, rudisha kidole mfukoni. Angalia pia jina. Vijana wengi wanaendesha pikipiki za mkataba: wanalipa kidogo kidogo kwa mwenye chombo hadi kiwe chao, na muda wote huo kadi ni ya mwenye chombo. Kijana akikuuzia kabla hajamaliza, umenunua deni la mtu. Mwenye jina kwenye kadi awepo mwenyewe, mwandikishiane mbele ya mashahidi, na jina lihamishwe Mamlaka ya Mapato (TRA), siyo kadi kukabidhiwa mkononi kwa maneno ya "tutabadilisha baadaye." Nimeona kadi zilizopita mikono minne zikiwa na jina la mtu aliyekwisha kufariki.

Ukishalipa, usiende nayo kwanza kuonyesha jamaa. Ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo, umwage oili yote iliyomo, uweke mpya, ubadilishe filta ya hewa na plagi. Oili ni lita moja tu hivi.