Vita vya Kagera na haki ya kuingilia nchi nyingine

Vita vilivyomwondoa Idi Amin vina majina mawili. Nchini Tanzania huitwa Vita vya Kagera. Nchini Uganda hukumbukwa kama vita vya ukombozi. Tofauti hiyo si ya maneno matupu, kwani kila jina limebeba hoja yake ya kisheria.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945 unakataza dola kutumia nguvu dhidi ya dola nyingine. Pasipo idhini ya Baraza la Usalama, mwanya uliobaki ni kifungu cha 51, yaani kujihami. Majeshi ya Amin yalipoivamia ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini ya mto Kagera, mwishoni mwa Oktoba 1978, mwanya huo ulifunguka. Lakini je, anayejihami aweza kumfuata adui hadi ikulu yake? Wavamizi walikwisha kufukuzwa, na bado majeshi yakasonga mbele hadi Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili 1979.

Nyerere alieleza kwamba vita vilikuwa viwili: Watanzania wakijihami, na Waganda wakipigana na dikteta wao. Hoja ni ya werevu, ingawa ni vigumu kuamini kwamba wapiganaji wachache waliotoka uhamishoni wangaliufikia mji mkuu peke yao. La kushangaza ni kwamba hoja iliyo nzito zaidi kimaadili, mauaji ya Waganda kwa miaka minane, haikufanywa msingi wa kisheria. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya wanachama, na haki ya namna hiyo ingekuwa kisingizio kwa kila jirani mwenye nguvu. Hata hivyo, mkutanoni Monrovia, Julai 1979, Nimeiry na Obasanjo waliilaumu Tanzania.

Tena, kumwondoa dhalimu ni kubeba dhamana ya yatakayofuata: Yusuf Lule, aliyemrithi Amin, alitawala siku 68 tu.

Kifungu cha 4(h) cha Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika, ya mwaka 2000, kiliruhusu kuingilia panapotokea mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya binadamu. Ila haki hiyo ni ya Umoja, si ya dola moja. Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama la Umoja huo liliidhinisha askari 5,000 kwenda Burundi. Serikali ya Burundi ilikataa, na Januari 2016 wakuu wa nchi wakaamua wasipelekwe.