Ukisajili straika, tafuta na kiungo: Injini ya tabo ndani ya Mazda RX-7 ya zamani

Kila dirisha la usajili likifunguliwa, kuna timu lazima irudie kosa lilelile. Inamwaga fedha kumleta straika mwenye mabao mengi, halafu inamtupa mbele peke yake. Kiungo wa kumpigia pasi hakuna, mabeki wamechoka, kipa ni yuleyule aliyefungwa msimu mzima. Baada ya mechi sita mashabiki wanamzomea mtoto wa watu, wakati tatizo halikuwa lake.

Leo tutoke uwanjani kidogo tuingie gereji, maana kosa hilo lipo pia kwenye magari ya michezo. Huko wanaliita kubadilisha injini. Na hakuna gari linalomwadhibu mwenye kosa hilo haraka kama Mazda RX-7 ya zamani, pale mtu anapoitoa injini yake ndogo ya rota na kuiwekea kubwa yenye tabo, yaani ule mtambo unaozungushwa na moshi wa eksozi ili usukume hewa nyingi zaidi ndani ya injini.

Injini mpya inanguruma, gari linaruka kama mshale, wenyewe wanapiga picha. Mwezi haujaisha, lipo juu ya mawe.

TIMU YA KIWANDA

Shabiki wa soka anayo sababu ya kuipenda hadithi hii. Injini ya rota ilibuniwa na Mjerumani Felix Wankel, na ya kwanza ya majaribio iliwaka mwaka 1957 katika kampuni ya NSU. Lakini walioing'ang'ania mpaka mwisho ni Wajapani wa Hiroshima, kampuni ya Toyo Kogyo, ambayo sisi tunaijua kwa jina la magari yake: Mazda.

Kampuni hiyo ilikuwa na timu yake ya soka. Ligi ya Japan ilipoanza mwaka 1965, bingwa wa kwanza alikuwa Toyo Kogyo. Wakachukua tena 1966, 1967 na 1968, wakaongeza la tano 1970. Timu hiyo ndiyo leo inaitwa Sanfrecce Hiroshima, mabingwa wa J1 mwaka 2012, 2013 na 2015 chini ya kocha Hajime Moriyasu, ambaye mwenyewe aliwahi kuichezea ikiwa bado timu ya Mazda.

Sasa angalia tarehe. Mei 1967, timu ikiwa njiani kuchukua ubingwa wa tatu mfululizo, kiwanda kilitoa gari lake la kwanza la rota, Cosmo Sport. Nyuma yake kulikuwa na kikosi cha wahandisi 47 kilichoongozwa na Kenichi Yamamoto. Kilichowatoa jasho si nguvu, bali mikwaruzo iliyokuwa inajitokeza kwenye kuta za ndani za injini. Wenyewe waliiita kucha za shetani.

Weka mikwaruzo hiyo akilini. Tutakutana nayo tena.

HAINA PISTONI

Injini ya kawaida ina pistoni zinazopanda na kushuka. Ya rota haina. Ndani yake kuna chuma cha pembe tatu chenye mbavu zilizovimba, kinachozunguka katika chumba chenye umbo la namba nane iliyonenepa. Kikizunguka, kinavuta hewa na mafuta upande mmoja, kinabana, plagi zinawasha, moshi unatoka. Valvu hakuna. Kwenye injini ya rota mbili, vyuma vikubwa vinavyozunguka ni vitatu tu: rota zenyewe na shafti yake.

Ndiyo maana ni ndogo, nyepesi na haitetemeki. Inapanda mizunguko kama haina akili nzuri.

Lakini kila pembe ya rota ina kipande chembamba cha chuma kinachosugua ukuta wa chumba muda wote, kuzuia moto usipite upande wa pili. Hiyo ndiyo sili ya pembe. Rota moja ina tatu, rota mbili zina sita. Mikwaruzo ile ya kina Yamamoto ilichorwa na sili hizi. Injini nzima inategemea vipande sita ambavyo unaweza kuvifunika kwa kiganja kimoja.

MZEE WA 1978

RX-7 ya kwanza ilitoka mwaka 1978 na kutengenezwa hadi 1985. Pua ndefu iliyochongoka, taa zinazochomoza usiku, uzito wa takriban tani moja. Injini yake ya kawaida, 12A, ina rota mbili na jumla ya cc 1,146. Kwa Japan walitangaza nguvu za farasi 130. Kwa gari jepesi namna ile, lilikuwa linacheza.

Tatizo ni wadogo zake. RX-7 ya pili ilikuja na 13B ya tabo, cc 1,308. Ya tatu ilianza mwaka 1991 na 13B yenye tabo mbili zinazopokezana, farasi 255, na ilipofika mwisho mwaka 2002 walikuwa wameshafika 280. Kuna na kubwa lao, 20B ya rota tatu na cc 1,962, iliyokuwa kwenye Eunos Cosmo ya mwaka 1990.

Mwenye RX-7 ya kwanza anapiga hesabu: gari langu ni jepesi, injini ya mdogo wangu ina nguvu karibu mara mbili. Kwa nini nisiihamishe?

Na kwa kweli inakubali. 12A na 13B ni ndugu wa damu. Rota zao zina umbo moja, tofauti ni unene: milimita 70 kwa 12A na 80 kwa 13B. Kwa kuwa ziko mbili, injini mpya inarefuka kwa kama sentimita mbili tu. Mkono wa mbele unaoshika injini kwenye gari kuukuu haufanani na wa injini mpya, ila mafundi wanaozijua wanachukua kifuniko cha mbele cha injini ya zamani na kukifunga kwenye mpya, nayo inakaa pale pale alipokaa mzee. Wengine wanachomelea vishikio vipya.

Kufikia hapo kila mtu anashangilia. Kumbe ni dakika ya kumi tu ya mchezo.

KIUNGO NA MABEKI

Anza na mafuta. 12A ya kawaida inatumia kabureta, na pampu yake inasukuma kwa presha ndogo. 13B ya tabo inapuliziwa mafuta kwa nozeli nne zinazotawaliwa na kompyuta. Inataka pampu ya presha kubwa, njia ya kurudisha mafuta kwenye tangi, na tangi ambalo halitaiacha pampu ivute hewa gari linapokata kona. Ukibakiza pampu ya zamani, umemwambia straika afunge bila kupewa mpira.

Njoo kwenye joto. Kwenye injini ya rota, moto unawaka upande uleule wa chumba siku zote. Upande mmoja unaungua, mwingine unapokea hewa ya baridi. Nyumba za rota ni za aluminiamu, kuta za pembeni ni za chuma, na vyote vimebanwa pamoja kwa boliti ndefu na raba nyembamba za kuzuia maji. Joto likizidi mara moja tu, raba zile zinakufa na maji yanaingia kwenye chumba cha moto. Tena rota yenyewe haipozwi na maji, inapozwa na oili. Kwa hiyo rejeta kubwa ya maji peke yake haitoshi. Lazima na oili iwe na rejeta yake ya maana, na hewa inayotoka kwenye tabo nayo ipozwe kabla ya kuingia ndani.

Baada ya hapo, giaboksi. Klachi na gia zilizozoea farasi 130 hazitakaa muda mrefu mbele ya mara mbili yake. Difu la nyuma halikadhalika. Mwishoni ndiyo breki, ambazo kiubinadamu zingekuwa mwanzo: baadhi ya RX-7 za kwanza zina breki za ngoma nyuma. Gari linalokimbia kama la 2002 na kusimama kama la 1978 si gari la michezo, ni msiba unaosubiri kona.

Ukijumlisha, injini yenyewe inaweza kuwa sehemu ndogo ya bili. Hapo ndipo wengi wanapochoka. Pesa imeisha, gari limeshawaka, na vishawishi ni vingi. Mtu anasema rejeta nitaweka mwezi ujao.

SEKUNDE MOJA

Sasa turudi kwa zile sili sita.

Moshi wa injini ya rota unatoka ukiwa mkali na wa moto sana, unazungusha tabo kwa raha. Kuongeza presha ni kitu rahisi kabisa: unageuza kidude kidogo, farasi wanaongezeka. Lakini hewa ikizidi na mafuta yakawa kidogo, au mafuta yenyewe yakawa hafifu, au hewa ikaingia ya moto, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake. Injini ya pistoni ikigonga hivyo, mara nyingi inakupa nafasi ya kusikia na kuondoa mguu. Rota ya tabo haina huruma hiyo. Mlipuko mmoja mbaya unaweza kuvunja sili, kipande kinapita kwenye eksozi, kinakwenda kukata mapanga ya tabo.

Umepoteza injini na tabo kwa pigo moja, na umerudi nyumbani juu ya lori.

Ndiyo sababu kazi kubwa kuliko zote haionekani ukifungua boneti. Ni kuipanga kompyuta: kiasi gani cha mafuta, plagi ziwake lini, kwa kila mzunguko na kila presha. Kila rota ina plagi mbili, na muda wake unahesabiwa. Fundi anayeijua kazi hii ndiye kocha. Ukimlipa wa mwisho, tena kwa chenji iliyobaki, umeshafungwa kabla ya filimbi.

KABLA HUJATOA PESA

Anayenunua 13B iliyotumika asikubali kusikia ikiunguruma tu. Apime mgandamizo, na apime kwa kipimo cha rota. Kila rota ina nyuso tatu, kwa hiyo yanatakiwa mapigo matatu yanayolingana. Kipimo cha pistoni kinaonyesha pigo kubwa kuliko yote na kuficha lililo dhaifu. Pigo moja likilegea, sili imechoka.

Akishaifunga, aizoee tabia yake. Rota inakula oili kwa makusudi, kuna pampu inayoipeleka ndani kulainisha zile sili. Kuangalia oili mara kwa mara ni sehemu ya kuendesha. Isizimwe dakika moja baada ya kuwashwa ikiwa baridi, inajaa mafuta na kugoma kuwaka.

Kwa wasomaji wetu wa huku, magari mengi yanayoshuka bandari za Dar es Salaam na Mombasa yametumika Japan, ila mzee huyu si rahisi kumpata: Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, na Tanzania gari likizeeka kodi inaongezeka. Aliyenalo tayari akumbuke kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi. Ukibadilisha injini, badilisha na karatasi.

TUMTOE AU ABAKI?

Wapo wanaosema mzee aachwe na moyo wake, na wana hoja. 12A nzima zinapungua kila mwaka, na gari ambalo halijaguswa linazidi kutafutwa. Wapo pia wanaosema gari la michezo liliumbwa likimbie, si likae kabatini. Nao hawajakosea: Mazda wenyewe hawakuacha kuikuza rota mpaka Juni 1991, pale 787B yenye rota nne, ikiendeshwa na Volker Weidler, Johnny Herbert na Bertrand Gachot, iliposhinda saa 24 za Le Mans. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kampuni ya Japan kushinda pale.

Sasa soma vizuri ushindi ule. 787B haikuwa na tabo. Ilizunguka mizunguko 362, saa 24, ikaingia mwisho mzima mzima. Walioshinda ni wale ambao kila kitu kuanzia oili, joto, gia mpaka breki kilikuwa tayari kwa kazi ile.

Kwa hiyo ukiamua kumtoa mzee, mtoe kwa heshima: mpake oili, mfunike, mweke stoo, siku moja wewe au mwanao mtamtaka. Halafu fanya usajili kwa kuanzia nyuma. Breki kwanza, kisha rejeta, kisha mafuta, kisha giaboksi, kisha kocha wa kompyuta. Straika aingie mwisho, akute timu imekamilika.