Vikombe vya kocha havitoshi: Somo la mazizi ya farasi kwa mzazi

Juni 28, 2025, mkufunzi wa farasi wa mbio D. Wayne Lukas alifariki dunia nchini Marekani akiwa na umri wa miaka 89. Aliacha rekodi ambayo wakufunzi wengi huiota tu. Alishinda Kentucky Derby mara nne, Preakness mara saba na Belmont mara nne. Hayo ndiyo mashindano matatu makubwa ya farasi wa miaka mitatu nchini humo.

Huenda unajiuliza farasi wa Marekani wamefikaje kwenye ukurasa wa familia. Kabla ya kuwa mkufunzi wa farasi, Lukas alikuwa mwalimu na kocha wa mpira wa kikapu katika shule ya sekondari jimboni Wisconsin. Na ubishi uliomfuata kwa miaka mingi ni ule ule unaomsumbua mzazi anayetafuta akademi ya soka, kocha wa riadha au shule ya bweni. Mtu mwenye wanafunzi wengi na vikombe vingi, je, ni fundi kweli au amebebwa na wingi?

Hesabu ya zizi kubwa

Lukas hakuwa na zizi moja dogo. Alikuwa na farasi wengi katika viwanja vya majimbo tofauti kwa wakati mmoja, chini ya wasaidizi wake. Matajiri walimpa fedha za kununua farasi wadogo wa bei kubwa mnadani. Waliompenda walimwita gwiji. Waliompinga walisema yeyote angeshinda kwa fedha zile.

Chukua mfano wa kubuni. Mkufunzi wa kwanza ameingiza farasi kwenye mbio 1,000 kwa mwaka na kushinda 150. Wa pili ameingia mbio 100 na kushinda 22. Gazeti litaandika habari za yule mwenye ushindi 150. Lakini ukigawanya, wa kwanza ameshinda mara 15 katika kila mbio 100, na wa pili mara 22.

Hata hesabu hiyo haitoshi. Mkufunzi anaweza kuchagua mbio nyepesi ili asilimia yake ipendeze. Kwa hiyo watu wanaoujua mchezo huo huuliza pia: farasi wake walishindana na nani, na walikuwa wa kiwango gani walipoletwa kwake?

Sasa rudi nyumbani. Bango la shule linaonyesha picha za wanafunzi 20 waliopata daraja la kwanza. Uliza walikuwa wangapi darasani. Uliza pia walioanza kidato cha kwanza walikuwa wangapi, na wangapi walihamishwa au kukaririshwa njiani kabla ya mtihani. Akademi inayojivunia vijana watatu waliofika ligi kuu ina jibu la kukupa kuhusu mamia waliopita pale.

Kilichoingia na kilichotoka

Kipimo kizuri cha ufundi ni kumtazama mwanafunzi ambaye hakuna aliyemtarajia. Hapa Lukas ana ushahidi mzuri upande wake.

Februari 1999, farasi wake aitwaye Charismatic alikimbia kwenye mbio ambazo mtu yeyote aliyetimiza masharti angeweza kumnunua kwa dola 62,500. Hakuna aliyemchukua. Miezi mitatu baadaye farasi huyo alishinda Kentucky Derby, kisha akashinda Preakness. Hapo mtu hawezi kusema ni fedha za mnada peke yake. Mkufunzi aliona kitu ambacho wengine hawakukiona, akakikuza.

Mzazi anaweza kuuliza vivyo hivyo. Mtoto aliyeingia na wastani wa C ametoka na nini? Mtoto mzito wa mbio amepiga hatua gani ndani ya mwaka? Kocha anayechagua wenye vipaji tu na kuwaacha wengine benchi amethibitisha kwamba ana jicho la kuchagua. Kufundisha ni kazi nyingine.

Walioumia njiani

Charismatic huyo huyo alivunjika mguu kwenye Belmont, mbio ya tatu, mwezi mmoja baada ya Derby. Alinusurika, lakini hakukimbia tena. Mwaka 1996 farasi mwingine wa Lukas, Grindstone, alishinda Derby na siku tano baadaye akastaafishwa kwa jeraha la goti. Mwaka 1993 farasi wake Union City aliumia vibaya katikati ya Preakness na ikabidi auawe kwa kupunguziwa mateso. Lukas alilaumiwa sana wakati huo.

Haki itendeke: farasi huumia hata katika mazizi ya wakufunzi waangalifu. Farasi wa mbio ana uzito wa karibu kilo 500, na anapokimbia kwa kasi uzito huo hutua kwenye miguu myembamba. Mfupa hujenga uimara kulingana na kazi unayopewa, lakini ujenzi huo unahitaji muda. Kazi ikizidi mapumziko, nyufa ndogo sana hujikusanya mahali pamoja. Siku mfupa unapovunjika mbele ya watazamaji, mara nyingi tatizo lilikuwapo kabla.

Ndiyo maana kusema “ni bahati mbaya tu” hakutoshi. Marekani, takwimu za kitaifa zilionyesha kuwa mwaka 2009 farasi wawili walikufa kwa kila 1,000 walioingia mbioni. Mwaka 2023 kiwango kilikuwa 1.32. Ni pungufu kwa karibu theluthi moja. Katika miaka hiyo uchunguzi wa madaktari wa mifugo kabla ya mbio uliongezwa, matumizi ya dawa yakabanwa, na kuanzia 2022 ikawapo mamlaka ya kitaifa ya usalama wa mbio hizo. Kama majeraha yanapungua watu wakiamua, basi sehemu yake ilikuwa mikononi mwa watu.

Mifupa ya mtoto

Mtoto naye yuko kwenye ujenzi. Karibu na ncha za mifupa yake mirefu kuna sehemu laini ambako urefu unaongezeka, na sehemu hiyo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa. Anaporefuka kwa haraka wakati wa balehe, kano huvuta hapo kwa nguvu. Ndiyo maana watoto wengi wanaocheza sana hulalamika maumivu chini kidogo ya goti au kwenye kisigino.

Maumivu hayo mara nyingi hutulia mzigo ukipunguzwa. Hatari ni pale kocha anapomwambia akaze moyo. Mtoto anayecheza mchezo mmoja mwaka mzima, bila siku ya kupumzika kila wiki na bila miezi ya likizo, yuko katika hatari kubwa zaidi ya majeraha ya kurudiarudia.

Mpeleke kituo cha afya iwapo anachechemea, kiungo kimevimba, maumivu yanamwamsha usiku, au hayaishi baada ya kupumzika kwa siku kadhaa. Usiruhusu adungwe sindano ya kutuliza maumivu ili tu acheze fainali. Maumivu ndiyo yanayomwonya, na yakizimwa ataendelea kukimbilia mguu ulioumia.

Nani hushika mguu asubuhi?

Katika zizi kubwa, mwenye jina hawezi kumwona kila farasi kila siku. Kazi hiyo hufanywa na watunzaji. Kila asubuhi mtunzaji hupitisha kiganja kwenye miguu ya farasi akitafuta joto au uvimbe. Huangalia kama chakula cha usiku kimeisha. Humtembeza na kutazama hatua zake. Halafu swali kubwa linafuata: akiona kasoro, je, ana uhuru wa kusema, na atasikilizwa hata kama mbio ni Jumamosi?

Wazazi wanaokwenda uwanja wa Ngong jijini Nairobi siku ya mbio wanaweza kuwaonyesha watoto farasi wakizungushwa kabla ya kukimbia. Mtazame anayewashika, na jinsi farasi anavyotulia au kushtuka anapoguswa.

Hapa tena rekodi ya Lukas inamsaidia. Wasaidizi wake kadhaa walikuja kuwa wakufunzi wakubwa. Todd Pletcher alishinda Kentucky Derby mwaka 2010 na 2017. Kiaran McLaughlin alishinda Belmont mwaka 2006. Zizi linalotoa watu wa namna hiyo linaonyesha kuwa maarifa hayakufungiwa kichwani mwa mtu mmoja.

Kwa hiyo usivutiwe tu na jina la mkurugenzi wa akademi au mmiliki wa shule. Kutana na yule atakayekuwa na mwanao saa kumi jioni uwanjani, na matroni atakayekuwa naye saa nne usiku bwenini. Hao ndio wanaoshika mguu.

Tofauti moja ipo. Farasi hawezi kusema anapoumia. Mtoto anaweza, lakini wengi hunyamaza kwa kuogopa kuachwa kwenye timu, au kwa kuogopa kuwaangusha wazazi waliolipa ada.

Maswali ya kwenda nayo

Kabla hujalipa, muulize kocha au mwalimu mkuu haya:

1. Mwaka jana mlianza na watoto wangapi, na wangapi wamemaliza?

2. Nionyeshe mtoto aliyeanza chini. Yuko wapi sasa?

3. Wangapi waliumia au kuugua, na mlifanya nini?

4. Siku ya mapumziko ni ipi?

5. Mwanangu akisema anaumwa, nani anaamua kama atacheza?

Kocha mzuri hatakasirika. Atakuwa na majibu, na mengine atakiri hayapendezi. Anayekuonyesha kabati la vikombe kila unapouliza kuhusu majeraha amekwisha kukujibu.

Na ukirudi nyumbani, muulize mwanao swali la sita, mkiwa wawili tu: ukiumia, unaweza kumwambia kocha wako? Akisita, kaa naye mzungumze kabla ya mazoezi ya kesho.