Makumbusho ya Usanifu wa Majengo: Hoja ya Neno na Hoja ya Mji

Huulizwa iwapo makumbusho yanaweza kuuonyesha mji ujao, ilhali kazi yake, kama wengi wanavyodhani, ni kuhifadhi yaliyopita. Jibu la awali limo katika neno lenyewe. Nomino "makumbusho" haitokani na "kumbuka" moja kwa moja, bali na kauli yake ya kutendesha, "kumbusha". Na kukumbusha hakuelekei nyuma pekee: asemaye "nikumbushe kesho" ana jambo ambalo bado hajalitenda. Kumbukumbu ni kile kilichohifadhiwa. Makumbusho humwamsha mtazamaji atende.

Tuchukue mifano miwili. Katika Makumbusho ya Kijiji, Dar es Salaam, yaliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1960, vionyeshwa vikuu ni nyumba zenyewe, za msonge na za tembe zikiwamo. Kwa kuwa udongo, miti na nyasi havidumu bila kukarabatiwa, kinachohitaji kuhifadhiwa hapo ni ujuzi wa kujenga upya. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, ilipata kuwa makumbusho, nayo yenyewe ikiwa kielelezo cha usanifu. Sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lisilotunzwa halina mji ujao wa kuuonyesha.

Hoja hii inaihusu pia miji midogo inayokua. Tuseme Sumbawanga inaanzisha makumbusho ya aina hiyo, na mtazamaji wa kwanza ametoka Pito, jirani na mji. Aanze kuona nini? Ningependekeza ilungu: tanuri refu la udongo, kupita kimo cha mtu, ambamo Wafipa waliyeyusha chuma kwa mvuto wa hewa yenyewe, bila mivukuto. Mabaki ya malungu yangaliko katika uwanda wa Ufipa. Bila jina lake na majina ya sehemu zake, ilungu hugeuka kichuguu machoni pa mpita njia.

Kwa hiyo, kando ya michoro ya wasanifu na kazi za wasanii wa leo, makumbusho hayo yahifadhi msamiati wa mafundi, uliokusanywa wangali hai. Mji wa kesho ukipangwa kwa istilahi za kigeni peke yake, wenyeji watahamia humo bila kuwa wamepata maneno ya kuujadili.