Fiziotherapia Marekani: Nani Anafundisha?

Sehemu ya Pili

Juma lililopita tulieleza jinsi fani ya fiziotherapia ilivyokua Marekani kwa kuwahudumia majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza, na jinsi chama chake cha mwaka 1921, chini ya Mary McMillan, kilivyoanza kikiwa cha wanawake. Tuliona pia kwamba kituo cha polio cha Warm Springs, Georgia, alichokianzisha Franklin Roosevelt, hakikupokea wagonjwa weusi, hata mwaka 1941 wakafunguliwa kituo chao Tuskegee, Alabama. Ubaguzi wa namna ile ulishapigwa marufuku. Mbona basi Weusi na Walatino bado ni wachache katika madarasa ya fani hii kuliko walivyo katika jamii?

Jibu la kwanza ni fedha. Tangu 2016, chuo kinachotambuliwa hutoa shahada ya udaktari wa fiziotherapia tu. Kijana humaliza shahada ya kwanza, ndipo aongeze miaka ipatayo mitatu. Kabla ya kuomba nafasi awe amesoma anatomia, fiziolojia, kemia na fizikia, na mara nyingi awe ameshinda kliniki akitazama wataalamu kazini, bila malipo. Akidahiliwa, zinamngoja wiki zisizopungua 30 za mafunzo kwa vitendo: anahudumia wagonjwa kutwa, na ada analipa. Mwenye wazazi wenye uwezo hupita. Anayefanya kazi usiku apate pango huishia njiani, ingawa hakuna aliyemwambia asije.

Jibu la pili halisemwi sana: wahadhiri. Anayetaka kufundisha mara nyingi hudaiwa shahada ya utafiti juu ya ile ya fani, yaani miaka mingine na pengine deni jingine. Weusi na Walatino wachache waliohitimu huzidi kupungua katika hatua hii. Na mhadhiri ndiye anayeketi katika kamati ya udahili, anayechagua mifano ya darasani na kuandika barua za mapendekezo. Wapo waliofika: Lynda Woodruff, mmoja wa wanafunzi wawili weusi walioingia shule ya wazungu ya E. C. Glass mjini Lynchburg, Virginia, mwaka 1962, baadaye alikuwa profesa wa fiziotherapia. Vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya Weusi, kama Howard, Hampton na Florida A&M, navyo vinafundisha fani hii, lakini havitoshi kulisha nchi nzima.

Anayedhani haya ni mambo ya heshima tu aingie chumba cha tiba. Mgonjwa wa fiziotherapia haponi kwa kumeza kidonge. Huelekezwa, akarudia, akaenda kuyafanya mazoezi nyumbani. Mkimbizi wa Kongo anayezungumza Kiswahili, asipopata mtaalamu wa kumwelewesha goti likunjwe kiasi gani na mara ngapi, atarudi juma lijalo na maumivu yale yale.

Juni 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza vyuo kutumia rangi kama kigezo cha udahili. Mwombaji bado anaruhusiwa kueleza jinsi rangi yake ilivyogusa maisha yake, na kamati inaweza kupima vikwazo alivyovishinda pamoja na alama zake. Hilo ni jema, ila halipunguzi ada wala haliongezi mhadhiri hata mmoja. Chuo chenye nia kianze na wahitimu wake wenyewe: kiwalipie masomo ya utafiti, kisha kiwaajiri wafundishe.

Juma lijalo: kamati ya udahili inavyosoma barua ya mwombaji.