German Shepherd au Rottweiler? Hesabu kwanza geti lako linafunguliwa mara ngapi

Leo tunaweka pembeni mambo ya picha na kapsheni, tuongelee ulinzi wa mzigo.

Wengi wetu hatuna fremu. Stoo ni chumba kimoja nyumbani. Mimi nauza nguo, mzigo wangu wote unalala hapa hapa nyumbani Bigwa, chini ya Milima ya Uluguru. Wenzangu wakitaka mbwa wa kulinda huwa wananiuliza: nichukue German Shepherd au Rottweiler?

Jibu langu ni moja. Usianze na mbwa, anza na geti. Nyumba ya muuzaji wa mtandaoni usiku ni stoo, mchana ni duka. Bodaboda anakuja kuchukua mzigo, mteja anakuja kujaribu kiatu, mtoto wa jirani katumwa na hela mkononi. Mbwa hajui nani mteja na nani mwizi mpaka afundishwe. Kibao cha MBWA MKALI kinafukuza mwizi, na mteja pia.

Sasa tuwaangalie wenyewe.

German Shepherd ni mbwa wa kuchunga kondoo. Mjerumani Max von Stephanitz alianza kumsajili mwaka 1899. Dume ana kilo 30 mpaka 40, jike 22 mpaka 32. Anajifunza haraka sana, ndiyo maana polisi wa nchi nyingi wanamtumia. Ila anataka kazi. Ukimfungia siku nzima bila kumtembeza, atabweka ovyo na kutafuna chochote.

Rottweiler jina lake limetoka mji wa Rottweil, kusini mwa Ujerumani. Alikuwa mbwa wa wauza nyama: anaswaga ng'ombe kwenda sokoni na kuvuta mkokoteni. Dume anafika kilo 50 na zaidi, jike ni kama kilo 40. Kwa kawaida habweki ovyo, anakaa anaangalia tu. Lakini huyo ni mzigo wa saruji unaotembea. Akivuta mnyororo na aliyemshika ni binti wa miaka 12, anayeongoza safari ni mbwa.

Pima kwa mambo haya manne:

1. Manyoya. German Shepherd anapukutisha manyoya mwaka mzima. Rottweiler naye anapukutisha, ila yake ni mafupi na siyo mengi kiasi hicho. Kama unauza nguo, mashuka au mikoba, hili siyo jambo dogo. Kumbuka pia wateja wetu wengi ni Waislamu, na mate ya mbwa kwenye nguo kwao ni najisi. Kwa hiyo mbwa yeyote utakayechukua, chumba cha mzigo asiingie kabisa. Mlango ufungwe, nguo zikae kwenye mifuko.

2. Chakula. Usiulize bei ya mtoto wa mbwa tu, uliza anakula oda ngapi kwa mwezi. Mfano, akila chakula cha 4,000 kwa siku, mwezi ni 120,000. Kama faida yako kwa oda moja ni 6,000, basi oda 20 za kwanza kila mwezi ni za mbwa. Na Rottweiler, kwa mwili wake, anakula zaidi.

3. Joto. Wote wawili wametoka nchi ya baridi. Jua la Januari huku Morogoro ni kali, hata sisi wa mlimani tunalisikia. Banda liwe kivulini, maji yasikauke, mazoezi yawe asubuhi na jioni.

4. Chanjo. Hapa hakuna kuokoteza. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Mbwa achanjwe akifika miezi mitatu, halafu kila mwaka. Kuna na parvo, inaua watoto wa mbwa haraka, na Rottweiler ni kati ya aina zinazoathirika zaidi. Sisi wa Morogoro tuna bahati, hospitali ya wanyama ya SUA ipo mjini hapa hapa. Na mtu yeyote akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri kesho.

Sasa nani achukue nani?

Kama geti linafunguliwa mara nyingi kwa siku na una muda wa kumfundisha, chukua German Shepherd. Mzoeshe watu tangu mdogo, na bodaboda wapige simu kwanza ili umfungie bandani kabla hujafungua.

Kama geti linafunguliwa mara chache, ukuta ni imara na nyumbani yupo mtu mzima mwenye nguvu wa kumshika, Rottweiler atakufaa.

Kama umepanga nyumba ya wapangaji wengi, au huna muda, usichukue yeyote kati ya hao. Mbwa wa kienyeji aliyechanjwa anabweka vizuri tu, anakula kidogo na hali yetu ya hewa ameizoea. Hela inayobaki weka kitasa kizuri na mlango wa chuma.

Mimi nimechagua German Shepherd jike. Bodaboda kwangu hawakauki, na kilo zake naziweza. Nguo zangu zote zinakaa kwenye mifuko ya nailoni, chumba kimefungwa.

Mwisho, ukinunua mtoto wa mbwa mtandaoni usitume hela kwa sababu ya picha. Nenda umwone na mama yake, uulize kadi ya chanjo, na asiwe chini ya wiki nane.

Kesho hesabu geti lako linafunguliwa mara ngapi toka asubuhi mpaka jioni, halafu niandikie hapo chini unauza nini. Tutasaidiana kuchagua.